Filamu za Makala katika Mafunzo ya Walimu: Kuwaelewa Vijana wa Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Saa mbili na nusu asubuhi mwanafunzi wa darasa la sita amelaza kichwa juu ya dawati. Mwalimu anamwita mara mbili, haitiki. Anapoamshwa, macho ni mekundu, kikohozi hakimwachi, na daftari la jana halina kitu. Katika shule nyingi jambo hili huhitimishwa kwa neno moja, uvivu, na adhabu hufuata. Mwalimu hakukosea katika alichokiona, kwa maana mtoto kweli amelala. Asichokiona ni saa zilizotangulia: kwamba jana mtoto huyo alipotoka shuleni alipitia mwaloni kuosha mchanga wa dhahabu, jioni akabeba mawe hadi kwenye karasha, akarudi nyumbani usiku wa manane na shilingi chache ambazo mama yake alinunulia unga.

Makala haya yanahusu chombo kimoja kinachoweza kumfikisha mwalimu, muuguzi au ofisa ustawi wa jamii kwenye saa hizo asizoziona, nacho ni filamu ya makala, ambayo wengine huiita dokumentari. Tunakusudia filamu inayowaonesha watu halisi katika maisha yao halisi, bila waigizaji. Tutaeleza kinachoweza kufundishwa kwa filamu za namna hiyo, na pia madhara yake, maana yapo, na mengine tumeyasababisha sisi wenyewe tunaotoa mafunzo.

Ukanda wenyewe

Mkoa wa Geita ulianzishwa mwaka 2012 kwa kumega sehemu za mikoa ya Mwanza, Shinyanga na Kagera. Bukombe na Mbogwe zilikuwa Shinyanga kabla ya hapo. Mipaka ya utawala imebadilika, lakini vijana wa eneo hili bado wanaishi maisha ya aina moja: kilimo cha pamba na mahindi, mifugo, na dhahabu. Ipo migodi mikubwa, kama ule wa Geita ulioanza uzalishaji mwaka 2000 na ule wa Bulyanhulu uliofuata mwaka 2001. Yapo pia machimbo madogo yasiyohesabika, yakiwamo ya Nyarugusu, Rwamagasa, Mgusu na Mwakitolyo, ambako mawe hutolewa ndani ya maduara kwa sururu na nyundo, yakasagwa na kuchenjuliwa papo hapo.

Panapovuma habari kwamba dhahabu imetoka, watu hufurika ndani ya siku chache: wachimbaji, wenye karasha, mama lishe, wauza pombe, wenye nyumba za kulala wageni. Shule na zahanati hubaki zilezile. Muuguzi aliyekuwa akihudumia kijiji kimoja hujikuta anahudumia mji, na mwalimu hujikuta na watoto ambao wazazi wao watahama tena pindi mwamba utakapokauka.

Walimu wengi wa shule hizo wamepangwa kutoka mikoa mingine. Wapo wasiojua Kisukuma, wanaoishi karibu na shule na wasio na sababu yoyote ya kufika mwaloni. Wenyeji nao wana ugumu wao, kwa sababu wamezoea. Aliyewahi kuosha mchanga akiwa mdogo na akafika chuo cha ualimu huona kwamba kazi hiyo haikumdhuru, basi haitamdhuru na huyu. Katika uzoefu wetu, mwalimu wa aina hii ndiye mgumu zaidi kumfundisha, lakini akishaelewa huwafaa wanafunzi kuliko sisi wageni wa siku mbili.

Kwa nini filamu, na si semina peke yake

Utafiti wa kitaifa juu ya ukatili dhidi ya watoto uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa mwaka 2011, ambao Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili kilishiriki pamoja na UNICEF na wataalamu wa CDC ya Marekani, uligundua kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10 walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18, na kwamba karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walikuwa wamepata ukatili wa kimwili. Walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa kuutenda. Nimewahi kuzisoma takwimu hizi mbele ya walimu arobaini. Waliziandika kwa utulivu, kila mmoja akidhani zinahusu shule nyingine.

Filamu hufanya kazi kwa njia tofauti. Mtazamaji humfuata mtoto mmoja kwa dakika ishirini, akaona vidole vyake, akasikia anavyocheka, akamwona anavyomtazama mama yake kabla ya kujibu swali. Mtoto huyo hawezi tena kuitwa mvivu kwa urahisi, na mwalimu akirudi darasani humkuta amekaa dawati la tatu.

Njia hii si ngeni nchini mwetu, na historia yake ina upande mzuri na upande mbaya. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri katika milima ya Usambara, mradi uliojulikana kama Bantu Educational Kinema Experiment chini ya Meja L. A. Notcutt ulitengeneza filamu 35 za mafunzo juu ya kilimo, usafi na magonjwa kama safura, zikazungushwa Afrika Mashariki kwa gari. Watengenezaji wa filamu wa zama hizo za ukoloni walishikilia kwamba Mwafrika haelewi picha inayokwenda haraka, hivyo ilimpasa kuoneshwa polepole nini cha kufanya. Mtazamaji hakuulizwa lolote. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifuata njia nyingine. Chombo kilikuwa redio, lakini watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi vya usikilizaji, kila kikundi na kiongozi wake aliyefunzwa; wakasikiliza, wakajadili, kisha wakaamua wenyewe la kufanya, kama kuchimba vyoo au kufyeka mazalia ya mbu. Filamu tunayoizungumzia hapa ifuate mfano wa mwaka 1973. Ile ya Vugiri tumeshaiona mara nyingi mno katika kumbi za semina, hata kama siku hizi inaletwa kwa kompyuta mpakato.

Filamu zilizopo

Mwaka 2014 ilitoka filamu iitwayo The Boy from Geita, iliyoongozwa na Vic Sarin wa Kanada. Inamfuata mvulana mwenye ualbino aliyeshambuliwa na kukatwa vidole, na Peter Ash, mwanzilishi wa shirika la Under the Same Sun ambaye naye ana ualbino, aliyemsaidia kufika Kanada kwa matibabu. Miaka miwili kabla yake Harry Freeland wa Uingereza alikuwa ametoa In the Shadow of the Sun, inayomfuata mwanaharakati Josephat Torner akizunguka Kanda ya Ziwa kuzungumza na jamii ana kwa ana, pamoja na kijana wa Ukerewe anayetafuta shule itakayompokea. Kwa mwalimu, filamu hii ya pili ina somo kubwa zaidi. Ya kwanza humjaza mtazamaji hofu na huruma, hisia ambazo ni za haki lakini mara nyingi huishia mlangoni. Ya pili inaonesha jambo ambalo mwalimu analo mkononi mwake: kijana anayetaka kusoma ilhali haoni ubaoni.

Hapo ndipo mhudumu wa afya anapopaswa kuingia. Mtoto mwenye ualbino huona vibaya kwa sababu jicho na mishipa yake ya kuona hukua bila rangi ya kutosha. Miwani husaidia kwa sehemu tu. Akae mbele, mbali na dirisha lenye mwanga mkali. Apewe maandishi makubwa. Asiadhibiwe kwa kuinuka na kusogelea ubao. Gwaride la mchana na kazi za bustani humuunguza ngozi, na saratani ya ngozi huanza na vidonda hivyo vinavyopuuzwa. Kofia pana, mikono mirefu na mafuta ya kukinga jua, yakiwamo ya Kilisun yanayotengenezwa KCMC mjini Moshi, ni sehemu ya vifaa vyake vya shule kama kalamu. Baadhi ya watoto hawa walihamishiwa vituo kama Buhangija mjini Shinyanga kwa ajili ya usalama. Wamepata ulinzi, na baadhi yao wamepoteza uhusiano na familia. Swali hilo la kuchagua kati ya usalama na nyumbani hujadiliwa vizuri sana na walimu baada ya filamu, na sisi hatuna jibu moja la kuwapa.

Kuhusu machimbo, shirika la Human Rights Watch lilichapisha Agosti 2013 ripoti juu ya kazi za watoto katika machimbo madogo ya dhahabu ya Geita, Shinyanga na Mbeya, pamoja na video fupi. Watafiti wake walitembelea machimbo 11 na kuzungumza na watu zaidi ya 200, wakiwamo watoto 61 waliokuwa wakifanya kazi hizo. Video ya dakika chache inafaa mafunzo kuliko filamu ya saa moja na nusu, kwa sababu muda unaobaki ndio wa kazi yenyewe.

Ipo pia filamu ambayo tunaitaja kama tahadhari. Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, iliyotoka mwaka 2004, ilipigwa Mwanza, ikazunguka dunia na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Watanzania wengi, Rais Jakaya Kikwete akiwamo, waliilalamikia kwamba imeichora jamii nzima kwa rangi moja ya giza. Msomaji anaweza kukubaliana nao au la. Kwa mkufunzi, funzo ni dogo na la vitendo: ukiwaonesha walimu wa Kisukuma filamu inayowafanya Wasukuma wote waonekane wauaji au wauza mabinti, utapoteza alasiri nzima ukisikiliza utetezi wa kabila, na mtoto hatatajwa tena.

Kile kamera isichokinasa

Katika video nyingi za machimbo utamwona mtoto ametia mikono ndani ya karai, akichanganya zebaki na mchanga mpaka zebaki ishikamane na dhahabu. Kisha mchanganyiko huo hukamuliwa kwa kitambaa, na kidonge kinachobaki huchomwa juu ya moto hadi zebaki ipae na dhahabu ibaki. Mtazamaji hushtushwa na mikono. Walimu karibu wote, wakiulizwa hatari iko wapi, hutaja mikono, na hupendekeza glavu.

Hatari kubwa iko kwenye moto. Zebaki ya maji ikigusa ngozi nzima hupenya kwa kiasi kidogo, na hata ikimezwa, sehemu kubwa hutoka kwa njia ya haja. Mvuke wake ndio unaoumiza: takribani asilimia 80 ya mvuke unaovutwa hubaki mwilini, huingia katika damu, ubongo na figo, na kwa mjamzito hupita kwenye kondo hadi kwa mtoto aliye tumboni. Mvuke huo hauna rangi wala harufu ya kumwonya mtu, hivyo kamera haiwezi kuuonesha. Katika picha ataonekana mama akichoma kidonge juu ya jiko la mkaa lilelile la kupikia, mtoto mchanga mgongoni, mambo yakionekana shwari kabisa. Mkufunzi asimamishe filamu hapo, aulize nani ndani ya picha hii yuko hatarini, na angoje. Kwa kawaida mtoto wa mgongoni hutajwa mwisho.

Dalili zake kwa mwanafunzi zinafanana na mambo ambayo shule huyaita tabia mbaya: mikono inayotetemeka na mwandiko unaoharibika, kusahau, hasira za ghafla, haya kupita kiasi, kukosa usingizi, ufizi unaovimba, ladha ya chuma mdomoni. Lakini tunamwomba mwalimu asigeuke tabibu. Malaria, upungufu wa damu, kichocho ambacho kimejaa katika ukanda wa ziwa, njaa, na hofu ya mtu fulani nyumbani, vyote huweza kumfanya mtoto asahau na asinzie. Kazi ya mwalimu ni kuuliza na kumpeleka. Kazi ya zahanati ni kuuliza swali ambalo fomu haina: je, nyumbani kwenu dhahabu huchomwa, na huchomewa wapi? Kipimo cha zebaki iliyovutwa hufanywa kwa mkojo. Nywele huonesha zaidi ile inayotokana na kula samaki. Na hata pasipokuwa na kipimo, ushauri wa kwanza hauhitaji maabara: kuchoma kufanyike nje na mbali na makazi, ndani ya chombo kilichofungwa kinachonasa mvuke, mbali na watoto na wajawazito, na jiko la chakula lisitumike.

Vumbi la karasha nalo lina hatari ya aina yake. Chembechembe za jiwe la kwatsi hukaa katika mapafu na kuyafanya magumu, na mapafu yaliyokwisha umia hivyo hushambuliwa kwa urahisi na kifua kikuu. Kwa hiyo kikohozi cha wiki mbili cha kijana wa karasha hakitibiwi kwa dawa ya dukani. Apimwe makohozi.

Wasichana wasiopigwa picha

Mvulana wa machimboni huonekana kwa urahisi kwa sababu yuko nje. Msichana yuko jikoni kwa mama lishe, au anauza maji, au ameshaondoka shuleni na hakuna anayemtafuta. Utafiti wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2010 ulionesha kwamba Shinyanga, kwa mipaka yake ya wakati ule, iliongoza nchini: asilimia 59 ya wanawake wenye umri wa miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa kabla ya kutimiza miaka 18. Ng'ombe wa mahari ni sehemu ya maelezo, nayo imesemwa sana. Mzazi anayeishi jirani na machimbo ana hofu nyingine ambayo semina huipita: anaona binti yake atapata mimba kwa mchimbaji atakayehama kesho, na anaona ndoa kama kinga. Filamu nzuri ni ile inayomruhusu mzazi huyo aseme hofu yake kwa ukamilifu, bila kumkejeli, kisha ikamwonesha binti akijifungua akiwa na miaka 15 na fupanyonga ambalo bado halijakua.

Sheria walimu waijue kwa kifupi. Mahakama Kuu, mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilitamka kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, vinakinzana na Katiba. Mahakama ya Rufani ikathibitisha Oktoba 2019. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa ili kumwadhibu kwa kifungo cha miaka 30 anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Novemba 2021 Waraka wa Elimu Namba 2 uliwaruhusu wasichana waliojifungua kurudi shuleni. Bado tunakutana na walimu wanaodhani kurudi huko ni hisani ya mkuu wa shule.

Kosa tulilolifanya

Katika shule moja ya ukanda huu, ambayo sitaitaja, tuliwaonesha walimu video fupi iliyopigwa kwa simu katika mwalo usio mbali na hapo. Tuliichagua kwa sababu ilikuwa ya karibu na kwa Kisukuma. Dakika ya nne mwalimu mmoja alisema kwa sauti, "Huyu si wa darasa la tano hapahapa?" Chumba kilicheka, kisha kikanyamaza. Hatukuwa tumejiandaa kwa jambo hilo. Tuliendelea na ratiba.

Kesho yake mtoto aliitwa mbele ya mstari na kuulizwa kwa nini huenda mwaloni siku za shule. Hapakuwa na nia mbaya. Aliyemwita aliamini anatekeleza tulichofundisha. Mtoto hakurudi shuleni wiki hiyo wala iliyofuata. Ofisa ustawi wa jamii alipofika nyumbani kwao alimkuta bibi peke yake, na mtoto ameshapelekwa kwa ndugu katika machimbo mengine.

Tangu hapo hatuoneshi kamwe picha ya mtoto anayeweza kutambulika katika tarafa anayoishi. Filamu za karibu huwagusa watu zaidi, ni kweli, lakini gharama yake hulipwa na asiyekuwamo chumbani. Tunachukua filamu za Geita kwenda nazo Kishapu, au za nje kabisa. Filamu ya mwaka 2004 iitwayo Ask Me, I'm Positive, ya vijana watatu wa Lesotho wanaoishi na virusi vya UKIMWI na wanaozunguka vijijini na sinema ya gari, imewafaa watu wengi walio mbali sana na Lesotho. Walimu humjadili mgeni kwa uhuru, na huku kila mmoja akijua anamzungumzia nani.

Namna tunavyoendesha somo

Siku ya kwanza wahudhurie watu wazima tu. Tunawaomba walimu, mhudumu wa afya wa zahanati iliyo karibu, ofisa ustawi wa jamii, na kama inawezekana askari wa Dawati la Jinsia na Watoto, wawe chumba kimoja. Kabla ya umeme kuwashwa tunasema wazi kwamba huenda yaliyomo yakamgusa mtu, na kwamba kutoka nje hakuhitaji kuomba ruhusa. Tusisahau kwamba mwalimu aliyeolewa akiwa na miaka 16 naye amekaa hapo, na aliyekulia kwa viboko naye yupo.

Tunaonesha kipande kisichozidi dakika 20, kwa kuwa filamu nyingi zina maelezo ya Kiingereza na lazima mtu atafsiri. Kisha tunauliza waliona nini. Swali hili linaonekana la kitoto, lakini ndilo gumu. Mwalimu atasema, "Niliona mama asiyejali." Tunamrudisha: ulimwona akifanya nini? Aligawa ugali, akabakiza mdogo kwake. Kutojali kulionekana wapi? Mwalimu akijizoeza kutenganisha alichokiona na alichokidhani mbele ya filamu, ataweza kufanya hivyo mbele ya mwanafunzi aliyelala. Muuguzi pia anauhitaji ujuzi huu; sisi huandika "mama mzembe" katika kadi kwa wepesi uleule.

Mkuu wa shule akizungumza kwanza, walimu vijana hukubaliana naye na mjadala huishia hapo. Kwa hiyo tunawagawa katika vikundi vidogo, wanawake peke yao kwa kipindi cha kwanza, na mkuu tunamwomba kwa heshima asikilize na ahitimishe. Wengi hukubali, na wapo wanaotushukuru kwa kuwapa nafasi ya kunyamaza.

Mwisho wa somo kila mwalimu huandika jambo moja atakalolifanya juma lijalo kwa mtoto mmoja, bila kuandika jina la mtoto. Ahadi za jumla, kama "kutoa elimu kwa jamii", tunazirudisha. Zinazofaa ni kama zile tulizowahi kupokea: nitamuuliza alikula nini jana, nitahamisha jaribio la hesabu kutoka Jumatatu, maana Jumapili wote wako mwaloni.

Mahali filamu inapoishia

Lipo jambo ambalo wapenzi wa filamu, na mimi nikiwamo, tunapaswa kulikubali. Mwaka 1999 ulianza katika wilaya za Geita, Sengerema, Kwimba na Missungwi mpango wa MEMA kwa Vijana, wa AMREF, NIMR na Chuo cha London cha Usafi na Tiba za Tropiki. Jamii 20 zilihusishwa, nusu zikipata mpango na nusu zikiwa za kulinganishia. Walimu walifundishwa na wakafundisha afya ya uzazi shuleni, na wahudumu wa zahanati walifunzwa kuwapokea vijana. Ulikuwa mpango mzuri, uliopimwa kwa uangalifu kuliko mingi. Maarifa ya vijana yaliongezeka, na mitazamo ikabadilika. Lakini maambukizi ya virusi vya UKIMWI hayakupungua kwa namna iliyoweza kupimika, si katika tathmini ya awali wala katika ile ya mwaka 2007 na 2008.

Ikiwa miaka mitatu ya masomo haikutosha, alasiri moja ya filamu haitatosha. Kijana anajua hatari na bado anakwenda, kwa sababu unga umekwisha, au mwenye fedha ni mwanamume mmoja tu, au zahanati hufunguliwa wakati yeye yuko shuleni. Kwa hiyo hatukubali tena kualikwa kuonesha filamu mahali ambapo zahanati haijatenga saa za jioni kwa vijana, au ambapo hakuna anayejua kesi ikijitokeza ipelekwe wapi. Namba 116 ya kupiga bure kwa ajili ya watoto iandikwe ukutani kabla ya projekta kufungwa. Wahudumu wakumbuke pia kwamba tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 kijana wa miaka 15 anaweza kupima virusi vya UKIMWI bila ridhaa ya mzazi; wapo bado wanaomrudisha nyumbani akamlete baba.

Kuwapa vijana kamera

Shule kadhaa zimetuuliza kama wanafunzi wenyewe wanaweza kupiga filamu kwa simu. Inawezekana, na nchini kuna mfano wa zamani: miaka ya 1990, Mtwara na Lindi, chini ya mpango wa RIPS uliofadhiliwa na Finland, wavuvi na wanakijiji walitumia video kueleza madhara ya uvuvi wa baruti, na picha zao zikawafikia viongozi ambao vikao vya kijiji visingewafikia. Vijana wa Geita wana la kusema lenye uzito huohuo.

Lakini wapige vitu kabla ya watu: sufuria, kandambili, njia ya kwenda mwaloni, daftari lililolowa. Wasiingie ndani ya duara kwa ajili ya picha. Sauti ya msimulizi yaweza kuwa ya mwingine. Ridhaa itolewe na mtoto na pia na mlezi, na iweze kufutwa hata baada ya filamu kwisha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu picha hizi kama inavyohusu faili la mgonjwa. Upigaji na uoneshaji wa filamu kwa umma una taratibu za Bodi ya Filamu chini ya sheria ya mwaka 1976, basi ofisa utamaduni wa wilaya aulizwe mapema, si siku ambayo jenereta limeshakodiwa. Na simu iliyotumika isiachwe mikononi mwa mtu mmoja ikiwa na picha zote ndani. Zihamishwe, zihifadhiwe kwa nywila, na zile zisizotumika zifutwe mbele ya waliozipiga.